Plagi Nisiyoichomeka

Kitale, 4 Machi 2025

Mjomba Abdikarim,

Assalaam aleikum. Saumu inaendaje huko Bungoma, na kifua cha Anti Sharifo kimetulia? Mimi ni mzima, ni kazi tu imenibana.

Kadi ya grafiksi niliyokuwa nikiililia imefika. Bila hiyo, video ya harusi ya Nakhungu wa Chwele inakwama kila mara, na unajua hiyo ndiyo kazi yangu kubwa ya kwanza tangu nifungue studio. Shida ni pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme ndani ya ile kompyuta ya zamani uliyonipa. Kadi inataka plagi ya pini nane, pawa saplai ina ya pini sita tu. Nikasoma lebo. Juu wameandika wati mia tano, lakini laini ya volti kumi na mbili, ambayo ndiyo kadi inakula, haitoi hata nusu ya hizo. Naogopa kuwasha. Huna nyingine ya juzi juzi hapo dukani?

Mpwa wako,
Mulki

*

Bungoma, 7 Machi 2025

Mulki, mtoto wa dada yangu,

Waaleikum salaam. Sisi wazima. Anti yako bado anakohoa na bado anabishana, kwa hivyo usiwe na wasiwasi.

Lakini wewe usiniharibie saumu. Vitu hivi nimeviuza kabla hujaota meno. Pawa saplai hupimwa kwa mkono: ikiwa nzito, ni nzima. Hiyo niliibeba mwenyewe, nikaunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikazunguka. Unataka nini tena, cheti?

Kipkoech wa pikapu anakuletea kiunganishi. Upande mmoja kinachukua plagi mbili za diski, upande wa pili kinatoa pini nane. Chomeka, washa, maliza kazi ya watu. Na ukishindwa na hii ya Nakhungu, funga hiyo studio urudi ukae kwenye kaunta yangu. Nilikuachilia uende Kitale kwa sababu ulisema kazi unaijua.

Mjomba wako,
Abdikarim

*

Kitale, 11 Machi 2025

Mjomba,

Assalaam aleikum. Natumai mnafuturu vizuri na Anti amepata dawa ya kifua.

Kiunganishi kimefika. Sijakichomeka, na sitakichomeka.

Kuzungusha feni si kulisha kadi, bana. Zile plagi mbili za diski ukizifuata zinarudi kwenye waya mmoja mwembamba, na huo ndio unataka ubebe mzigo wote. Utashika moto kabla pawa saplai yenyewe haijajua kuna shida. Ukuta wangu ni wa mbao, Mjomba, na upande wa pili analala Mama Rahab na wajukuu wake. Ati nichomeke kwa sababu umesema? Heshima nakupa yote, lakini hiyo plagi sikupi.

Nakhungu nimemwambia ukweli, kwamba video itachelewa. Akienda, aende. Na kwa kaunta yako sirudi, hata studio ikibaki na stuli moja.

Mpwa wako,
Mulki

*

Kitale, 20 Mei 2025

Mjomba,

Assalaam aleikum. Hamjambo? Idi imepita bila neno lako, na sijazoea hivyo.

Nakhungu alichukua kazi ya harusi yake akampa mtu mwingine hapa mjini. Nililia, nisikufiche. Kisha nikapiga picha za paspoti na za bethidei za watoto mpaka nikanunua pawa saplai mpya, yenye plagi yake yenyewe ya pini nane. Jana niliwasha. Kadi ikiwa kazini kabisa nikashika waya, ni vuguvugu tu. Nimepata harusi nyingine, ya Everlyne wa Tongaren.

Bado nimekukasirikia. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Mimi nitaandika tu.

Mpwa wako,
Mulki

*

Bungoma, 26 Mei 2025

Mulki mwanangu,

Waaleikum salaam. Anti yako amepona na anakusalimia kuliko ninavyokusalimia mimi.

Nilinyamaza kwa hasira, halafu nikanyamaza kwa aibu. Barua yako ya Machi ilipofika nilisema nitakuonyesha. Nikachukua pawa saplai pacha wa ile yako, kiunganishi kama kile, na kadi kubwa iliyokuwa hapa dukani. Ikawaka vizuri, nikamwita Anti yako aje aone nilivyokushinda. Mara harufu. Plastiki ya plagi ilikuwa imelainika kama mshumaa. Nikakimbia kuzima ukutani. Anti yako akafungua madirisha yote.

Leo amekuja mteja kutoka Matulo akitaka kiunganishi hichohicho. Ninavyo droo nzima. Nikamwambia siuzi, alete kwanza pawa saplai yake tusome lebo. Akacheka, akasema nimezeeka, si hata yule wa duka la pili anauza bila maswali. Nikamwambia aende huko.

Akasimama mlangoni akaniuliza, “Nani amekufundisha woga, mzee?”

Nikamwambia, “Mtoto wa dada yangu. Na si woga.”

Mjomba wako,
Abdikarim