Sekunde Kumi na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi na hasira mpaka nimekaa mezani na mkoba begani.

Leo Mkurugenzi ametuletea mtu. Mtaalamu wa data kubwa, anasema. Mtu wa makamo, mpole, shati limenyooka, anaongea taratibu kama daktari anayekaribia kutoa habari mbaya. Humu daftarini nitamwita Bwana Takwimu.

Tovuti yetu ya afya ina kurasa mia nne na ushee. Karibu zote nimeziandika mimi, tangu nilipostaafu uuguzi wodi ya watoto. Kwenye injini ya utafutaji tunatokea ukurasa wa tatu, na anayefika ukurasa wa tatu ni aliyepotea njia. Kwa hiyo mtu wa kutupandisha alihitajika. Hilo silikatai.

Bwana Takwimu ana rekodi za watu milioni sita. Waliandika nini walipotafuta, walibonyeza wapi, walikaa muda gani, kisha wakaenda wapi. Majina hayamo, anasema, ni nyayo tu. Kompyuta inazichambua na kusema ukurasa upi ni mgonjwa. Mgonjwa! Neno langu hilo, la wodini, naye analitumia kwa kurasa za maandishi.

Akaonyesha orodha ukutani. Mgonjwa namba moja: "Mtoto amekunywa mafuta ya taa". Ukurasa wangu. Mistari saba tu. Msomaji hukaa sekunde kumi na nane, kwa wastani.

Akanigeukia kama anayenipa pole ya msiba. Watu wanafika, hawapendi, wanaondoka.

Hawapendi!

Jumanne, 4 Machi

Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Mistari yenyewe hii hapa, niiandike nipumue: Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni. Mpeleke hospitali sasa hivi, hata akionekana mzima. Nenda na chupa aliyonywea. Akipumua kwa shida, piga namba hii. Usimwache peke yake hata kidogo.

Niliipimia jikoni, mwaka juzi. Saa ya ukutani mbele yangu, mto nimeupakata kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili, maana mtu mwenye mtoto analia ana mkono mmoja tu. Nikasoma kwa sauti. Ikizidi sekunde ishirini, nakata neno. Nilikata mengi. Kulikuwa na sentensi nzuri sana kuhusu mapafu, nikaitupa.

Sababu naijua. Wodini walikuja waliotapishwa na mama zao kwa mapenzi tu, mafuta yakarudi juu, yakaingia kwenye mapafu. Mmoja bado namwona. Sitaki kuandika zaidi.

Basi leo nimemfuata Bwana Takwimu mezani kwake, nikampasulia: hawaondoki kwa sababu hawapendi. Wanaondoka kwa sababu wamemaliza, wanakimbia hospitali! Alisikiliza mpaka mwisho. Akaandika. Halafu akasema anaelewa, ila kurasa kumi zilizo juu zina wastani wa maneno elfu moja na mia nane.

Nikamwuliza yeye akiunguliwa na nyumba anapenda maneno mangapi. Akatabasamu. Nilitamani kumzaba kofi.

Alhamisi, 6 Machi

Wameubadilisha ukurasa wangu. Hawakuniuliza.

Unaanza hivi: "Mafuta ya taa ni nini?" Mimi na umri wangu huu sijawahi kuona mtu aliyemshika mtoto anayenuka mafuta ya taa akauliza mafuta ya taa ni nini. Inafuata historia yake. Inafuata matumizi kumi ya nyumbani. KUMI. La nne ni kuondoa kutu. "Usimtapishe" yangu iko aya ya kumi na nne, chini ya tangazo la godoro.

Na kuna kichwa cha habari, maandishi mazito, kinaonekana kuliko vyote: "Maziwa kwa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa". Nikauliza hiki cha nini. Bwana Takwimu akasema ndicho watu wanachoandika zaidi wanapotafuta, neno kwa neno, kwa hiyo lazima kiwe kichwa. Nikamwambia jibu lake ni hapana. Akasema hapana ipo, imeandikwa vizuri tu, baada ya aya tatu. Ukiiweka mwanzo, msomaji ataridhika na kuondoka.

Ataridhika na kuondoka. Amelisema hilo kama tatizo. Sura kavu kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu anasahihisha mitihani ya hesabu, meza yote imejaa. Nimemweleza kisa kizima tangu mwanzo, mara ya tatu au ya nne. Nilitaka anitetee tu. Badala yake akasema namba hazina kosa, zimeulizwa swali baya.

Nikamnunia. Chai akajimiminia mwenyewe.

Baadaye akaweka kalamu chini, akasema: mke wangu, mtu akitoka dukani haraka, unajuaje kama amekosa alichotaka au amekipata? Unaangalia kama anaingia duka la jirani. Kwani huyo bwana wako hana rekodi za walikokwenda?

Anazo! Za milioni sita! Nikambusu utosini, akajifanya hajaona, akaendelea kumpa sifuri mtoto wa watu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwuliza Bwana Takwimu swali la mume wangu. Nilitegemea anizungushe. Akavuta kiti, akaanza kuchakura kwenye kompyuta yake. Nilisimama nyuma yake saa nzima, miguu ikiniwaka.

Walioondoka kwenye ukurasa wangu wa zamani baada ya zile sekunde: katika kila mia moja, tisini na tatu hawakutafuta tena jambo hilo. Popote. Zile kurasa kumi ndefu, za juu: karibu nusu walitoka wakaingia nyingine, kisha nyingine.

Akavua miwani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kipimo chake kimesoma kinyume. Kwa hilo nampa heshima, alisema mwenyewe bila kulazimishwa.

Tukaenda wote wawili kwa Mkurugenzi. Nilikuwa na uhakika, mjinga mimi. Mkurugenzi akaangalia jedwali, akasema ni jambo la kuvutia sana. Lakini tumeshaanza kupanda, tuko nafasi ya sita, tusiuguse ukurasa unaopanda. Tungoje mwisho wa mwezi. Kisha akaniambia mimi, kwa upole: mama, hata ushauri mzuri haumsaidii mtu kama hauonekani.

Kinachonichoma ni kwamba hapo ana hoja. Jibu nililipata nikiwa ngazini. Unaonekana, ndiyo, lakini ushauri wenyewe umeufukia!

Ijumaa, 14 Machi

Nafasi ya kwanza.

Soda, makofi, Mkurugenzi amesimama mbele ya mchoro ukutani, mstari unapanda kama ngazi ya paa. Wasomaji mara tisa zaidi. Na muda wa kukaa: dakika nne na sekunde kumi. Amelirudia mara mbili. Watu wanaupenda ukurasa wetu, jamani.

Nikaweka chupa ya soda chini. Nikasema, kwa sauti ya wodini, ile ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho: dakika nne na sekunde kumi mtoto amekaa na mafuta tumboni, mzazi anasoma namna ya kuondoa kutu. Mnapiga makofi kwa hilo?

Mhasibu akaangalia viatu vyake. Bwana Takwimu akaniangalia mimi.

Mchana nilijaribu kurudisha mistari yangu saba juu ya ukurasa. Nywila yangu haifungui tena. Imeondolewa "kwa muda". Ukurasa niliouandika mimi, niko nje yake kama mgeni mwingine yeyote.

Mume wangu anasema niandike barua ya kuacha kazi. Nikiacha, nani atabaki kuwapigia kelele?

Jumatano, 19 Machi

Naandika ofisini, mezani kwangu, kwa sababu siwezi kuondoka hapa kwenye simu.

Saa nne na robo simu ya mezani imelia. Ile namba ya "wasiliana nasi", kwa kawaida hupigwa na wauza matangazo. Nimepokea mimi. Baba mmoja. Akauliza sisi ndio wenye ukurasa wa mafuta ya taa. Nikasema ndiyo, baba, sema.

Binti yake, miaka miwili. Chupa ilikuwa chini ya sinki. Akasema amesoma, amesoma sana, na amempa maziwa kama tulivyoandika, kikombe kizima, sasa anakohoa, je, amtie kidole atapike?

Nikasema usimtapishe. Usimpe kitu kingine chochote. Mchukue sasa hivi, hospitali, na chupa. Nikasema polepole, neno moja moja. Akauliza: kwa hiyo ile ya maziwa haikuwa sawa? Nikasema beba mtoto, baba, utaniuliza baadaye. Nikamwuliza yuko wapi. Kukawa na kishindo, kama kitu kimeanguka, na simu ikakatika.

Nimepiga tena. Inaita, haipokelewi. Nimepiga mara sita. Nimewapigia watu wa dharura, nimewapa namba yake, wanasema watajaribu, ila bila mahali hawana pa kutuma gari.

Bwana Takwimu alisikia yote. Alifungua ukurasa kwa nywila yake mwenyewe, akanisogezea kompyuta. Nikafuta kutu, historia, kichwa cha maziwa, vyote. Nikaandika mistari saba kwa kichwa, bila kuangalia popote. Dakika moja hata haikufika.

Mkurugenzi ametoka chumbani kwake. Ameuliza kama mazungumzo ya simu yamerekodiwa, na kama nilitaja jina la kampuni. Nimeendelea kupiga namba ya yule baba. Amerudi ndani, amefunga mlango.

Bwana Takwimu ana kioo kinachoonyesha walio kwenye ukurasa saa hii hii. Kila mmoja ni kidoti. Saa nne na robo vilikuwa vitatu. Viwili vimeondoka. Kimoja kiliingia saa nne na dakika sita, na bado kipo. Nikasema basi sasa anaona mistari yangu. Akatikisa kichwa. Aliyekwisha kuufungua ana ule wa zamani, mpaka aufungue upya.

Huenda ameitupa simu kitandani ikiwa wazi, akakimbia na mtoto. Bwana Takwimu anasema hivyo. Amesema mara tatu. Huenda pia yuko palepale, anashuka na kidole chake, anatafuta aya ya kumi na nne. Kwenye data yake, amesema, hao wawili hawana tofauti.

Saa tano kasoro dakika tano. Kidoti kipo. Bwana Takwimu ameinama mpaka pua inakaribia kioo, na namsikia ananong'ona: toka, baba. Toka.

Napiga tena. Inaita.