Nilijifuta Kwenye Daftari la Wazee, Miwani ya Nusu Bei Ikanipita

Shangazi Matilda mpendwa, naomba msaada, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize, maana mimi mwenyewe tangu Jumanne nacheka peke yangu dukani. Nina miaka sitini na mitatu, mjane, nauza viungo Kariakoo na naishi Mchafukoge. Niite Bi Sitara, kwa sababu jina langu halisi mtaa mzima unalijua. Herufi hizi kubwa kama za bango unisamehe, sioni mistari.

Mimi nilikuwa mwanachama wa umoja wa wazee wa mtaani kwetu, ukitimiza sitini unapewa kadi, na kwa kadi hiyo kuna duka la miwani linakupima macho na kukutengenezea miwani kwa nusu bei. Sasa mwaka huu akahamia mbele ya duka langu fundi wa kanzu, mjane mwenzangu, nitamwita Mwinyimvua, anatabasamu kwa sauti, sijui nieleze vipi, na siku ya kwanza akaniuliza kwa adabu, "Bibie, kati yetu nani ampe mwenzake shikamoo?" Ulimi ukaniponyoka, Shangazi, nikasema, "Mimi nikupe wewe, nina hamsini na mbili tu." Tangu siku hiyo kila asubuhi nampa shikamoo, anaitikia marahaba, tunakunywa kahawa, na yeye ana sitini na moja!

Mambo yakaharibika alipojiunga na umoja wetu na kuchaguliwa katibu. Nikakimbilia kwa Mama Jovitha, katibu anayeondoka, nikamwambia nifute kabla hujamkabidhi daftari, maana humo mna miaka yetu ya kuzaliwa. Akanishangaa, akapiga mstari juu ya jina langu na kuchukua kadi. Wiki ileile nikaikalia miwani yangu ikavunjika. Kwenye duka la miwani wakaniambia bila kadi nalipa bei kamili, na bei kamili siiwezi.

Tangu hapo ni vituko. Mteja wa tangawizi nimempimia unga wa kitunguu saumu, akarudi akisema chai yake inanukia mishikaki. Juzi nikalipungia mkono sanamu la kuvalishia kanzu, nikaliuliza, "Mbona leo umeninunia?" Sauti ikatoka pembeni, "Bi Sitara, mimi niko huku, huyo ni wa plastiki."

Na Jumanne Mwinyimvua kanipa barua, kurasa mbili, kwa mkono wake. Siwezi kuisoma! Kuna neno naona kama "ndoa", lakini laweza kuwa "ndoo", maana ndoo yake ninayo. Binti yangu Husna nikimpa anisomee, kabla ya adhuhuri Mnazi Mmoja yote itajua. Nimeiweka humu kwenye bahasha. Nisomee, na uniambie nifanyeje na huu uongo wangu.

Bi Sitara, Mchafukoge

Shangazi Matilda anajibu

Bi Sitara, nimecheka, nimemaliza, sasa kaa chini. Ni ndoa. Ndoo haikutajwa popote.

Mengi yaliyomo ni yako peke yako, lakini mistari hii lazima uisikie: "Siku nilipokabidhiwa daftari niliona jina lako limekatwa, na mwaka wako wa kuzaliwa unasomeka vizuri. Nimengoja uniambie mwenyewe. Shikamoo zote ulizonipa nitakurudishia moja moja ukiniruhusu nilete posa."

Umeelewa? Mwenzio anajua siku nyingi! Wewe mwanamke mzima umetupa haki yako, umekaa gizani, umewanywesha watu chai ya kitunguu saumu, kwa ajili ya miaka kumi na moja ambayo hakuna aliyekuomba uifiche. Nakuonea huruma, kupendwa ukubwani kunatia kiwewe, lakini macho si kitu cha kuchezea.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwa katibu wa umoja, ndiyo, huyohuyo, uombe fomu. Mwaka wa kuzaliwa uutamke kwa mdomo wako, mbele yake, bila kupunguza. Jibu la posa usilitoe mpaka umeshasema hilo. Kadi ikitoka, nenda kapimwe macho siku hiyohiyo, na yule mteja wa tangawizi mfidie.

Nyongeza: gazeti linatoka mara moja kwa wiki na mimi sina subira, kwa hiyo haya yote nilikusomea kwa simu, ukapiga kelele sikio likaniziba. Leo umenipigia. Mwaka umeutaja, posa umeikubali, kadi umepata, haki yako ya nusu bei imerudi, na Mwinyimvua alikusindikiza kuchukua miwani. Ulipoivaa, unasema, ulimtazama usoni muda mrefu mpaka akaingiwa na wasiwasi.

"Umeghairi?" akakuuliza.

"Kumbe una mwanya!" ukamjibu. "Hebu cheka tena."