Miguu ya Efrazia

Baba Efrazia,

Maziwa nimeshachemsha, yako kwenye sufuria ndogo. Ng'ombe hawajanywa maji, wanyweshe kabla ya kuwapeleka malishoni.

Nampeleka Efrazia hospitali. Kaka Bura anatufuata na bajaji, maana siwezi tena kumbeba mgongoni. Asubuhi nilimfunua nikakuta miguu imevimba, imekuwa ya zambarau, tena ya baridi kabisa. Jana nilipokwenda msibani Nangwa nilikuomba umlaze, umwinulie miguu kwa mto, umgeuze mara kwa mara. Mtu asiyeweza kujisogeza akikaa miguu inaning'inia, damu inashuka na kubaki huko chini. Yule dada wa mazoezi wa hospitali alitueleza sote wawili, na wewe ukaitikia kwa kichwa. Lakini ulimwacha kwenye kiti kutwa nzima, amejikunja, kwa sababu kwa jirani kulikuwa na pombe.

Na leo nilipokuamsha uone, ukasema, "Mwache, huyo hasikii kitu." Nilipomgusa kisigino alilia. Ulimsikia vizuri, ukajifunika blanketi.

Pumba za kuku ziko nyuma ya mlango.

~~Tutarudi jioni.~~ Tukiruhusiwa tunakwenda kwa mama, kule Mogitu. Usinitumie wazee wa kunibembeleza. Siku utakayokuwa tayari kujifunza kumgeuza binti yako, njoo mwenyewe.

Mama Efrazia