Bastola Kibindoni

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeamka mapema, nimekanda unga, nimepika maandazi arobaini. Mkwe anakuja kula. Bado hajawa mkwe, lakini barua ya posa imeshafika na nimeshaionyesha kila mwenye macho huku ughaibuni, hapa Stratford. Salum. Kijana wa watu, salamu nzuri, gari safi. Wenye mabinti wameumia.

Amekula pilau sahani mbili. Koti hakuvua. Jiko linawaka tangu asubuhi, jasho linamtiririka, koti hakuvua. Adhuhuri amesali kwenye kiti kama mzee. Eti mgongo. Miaka ishirini na sita! Nikamwambia vua shati nikukande na mafuta ya karafuu, wazee ninaowatunza kazini wanaililia hii mikono. Akaruka kama kaunguzwa. Binti yangu Rehema akanikata jicho.

Ana haya, nikasema moyoni. Nikazidi kumpenda.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempigia Bi Mwanaidi wa Neasden. Shoga yangu tangu darasa la saba, Tanga. Nimemweleza mgongo wa Salum. Anavyokaa upande. Anavyopanda ngazi mkono mmoja kiunoni, kama suruali inataka kudondoka.

Akacheka mpaka akakohoa. "Shoga, hiyo ngiri! Mkweo ana ngiri. Wajukuu utawaona kwenye picha za wenzio."

Nimekata simu. Wivu umemjaa huyu. Binti yake mwaka wa tatu anahangaika na leseni ya gari, wangu yuko mwaka wa mwisho wa ufamasia. Mwalimu wake alinishika mkono akaniambia binti yako ana kichwa. Nikamwambia najua, mimi ndiye niliyekizaa.

Lakini ngiri imeniingia akilini. Nitamwambia Rehema ampeleke hospitali kabla ya ndoa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi Rehema alikuwa anaoga. Nimefunga sambusa tatu kwenye foili nimtilie mkobani, maana asipotiliwa hali. Ana miaka ishirini na mbili, najua. Namtilia hivyo hivyo.

Mkono umegusa chuma.

Bastola. Ndogo, fupi, ile yenye gurudumu la risasi linalozunguka. Haina ala, ule mfuko wa ngozi wa kuivisha. Haikufungwa hata kitambaa. Imelala katikati ya karatasi za chuo na rangi za mdomo kama kitana.

Nimekaa chini sakafuni. Sambusa nimezikalia.

Rehema katoka na taulo kichwani, kauona mkoba wazi. Hakukataa. Akaanza Kiingereza, na akiogopa Kiingereza chake kinakimbia. Nikamwambia taratibu, leo nataka kila neno.

Ni ya Salum. Kuna watu amegombana nao. Anatembea nayo kiunoni ndani ya suruali ya mazoezi, bila ala, maana ala inatuna na watu wataiona. Basi inateleza. Kumbe ndiyo ngiri hiyo! Ndilo koti, ndicho kiti cha kusalia. Alikaa mbele ya chakula changu na bastola tumboni, akasema bismillahi.

Na akienda penye askari anampa Rehema amchukulie. Alimwambia, wewe na mtandio wako na vitabu vyako, nani atakupekua? Akamwambia haina kitu ndani.

Mwezi mzima. Kwenye treni. Darasani.

Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Nimemwita mpumbavu, neno ambalo sijawahi kumwita mwanangu. Nilitaka kumpiga, mkono ukakataa. Na mimi mwenyewe! Mimi niliyemtangaza yule mtu mji mzima, nimpige nani?

Hakuja kuposa mke. Alikuja kuposa ala ya bastola yake.

Simu ya Rehema ikalia. Salum. Nikaipokea mimi.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo yako itie huko huko unakotia bastola."

Akajibu kwa adabu ile ile: "Mama, hicho si chako. Nakuja saa tisa kukichukua. Usijiletee matatizo, na Rehema usimletee."

Adabu ile ile. Ndiyo iliyonichoma.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana sikumaliza. Kalamu ilinishinda.

Kwetu ukikuta kitu kibaya nyumbani mwako unakipeleka kwa mjumbe wa nyumba kumi, mwenyewe, kwa mkono wako, kabla hajaja kukuuliza. Baba yangu alifanya hivyo. Nami nikafanya hivyo. Kwamba hapa hugusi, unapiga simu, polisi wanakuja wenyewe, nani aliniambia?

Mkobani sikuitia, ule mkoba nilishauchukia. Nikajifunga kanga, nikaifutika kibindoni, pale ninapotia funguo na kila kitu changu tangu nimevunja ungo. Gauni juu, koti juu. Rehema analia mlangoni, ananishika mkono. Nikamwambia funga, na usimfungulie Salum hata akija na shehe.

Chuma kiunoni kina baridi, halafu kinachukua joto lako. Na kinazama. Kila hatua kinashuka. Nikakikandamiza kwa mkono wa kulia, nikaenda upande upande. Nikajiona kwenye kioo cha duka: Salum mwenyewe.

Kwenye basi mama mmoja wa Kihindi ameiona kanga inachungulia chini ya koti. Kumbe mzaliwa wa Mombasa. Akaniinukia. "Kaa, dada. Mwezi wa ngapi?"

Nina miaka hamsini na moja! Siku nyingine ningecheka wiki nzima. Nikakaa. Akasimama mbele yangu ameshika bomba, anatabasamu. Nikawaza, dereva akifunga breki na hiki kitu kikalia, kitaanza na huyu aliyenipa kiti. Hasira ikanipanda upya. Mwezi mzima mwanangu amekaa hivi, na watoto wa watu magoti kwa magoti naye. Kwa nini? Kwa sababu mtu kamwambia ana macho mazuri. Macho hayo nimempa mimi, bure.

Kituo cha polisi nikasimama dirishani. Nikasema nimeleta bastola, nikapeleka mkono ndani ya koti kuitoa. Loo! Makelele. Mikono juu, nimebanwa ukutani, mama mzima. Nikapaza sauti kwamba iko kwenye kanga, ichukueni wenyewe. Askari wa kike ndiye aliyefungua.

Ilikuwa na risasi tano.

Tano. Na mwanangu aliambiwa haina kitu.

Nikawaambia nimeiokota kwenye mapipa ya taka nyuma ya nyumba. Nimesema uongo, na nimeusema vizuri. Wamenihoji mpaka mdomo ukakauka. Wakasema hapa kuwa nayo tu ni jela, miaka, hata ukiipakata kwenye basi kuileta polisi. Nikasema sawa, hiyo miaka iandikeni kwangu. Wameniachia, lakini uchunguzi unaendelea.

Salum alikuja saa tisa kweli. Amepiga mlango mateke, alama ya kiatu ipo. Rehema alikuwa bafuni amejifungia, amekaa ndani ya sinki la kuogea na nguo zake. Ndivyo nilivyomkuta. Nimempa chai ya tangawizi. Sikumwambia pole. Bado nina hasira naye.

Jumatano, 15 Oktoba

Rehema ameenda polisi. Na wakili. Bila kuniaga. Kasema yote, ya Salum, ya mkoba, ya mwezi mzima, na kwamba mapipa ni uongo wangu.

Sijawahi kukasirika hivi. Mzigo nimeshaubeba, nimeshautua, yeye anakwenda kuuokota! Uongo wangu ulikuwa mzima, hauna tundu. Mimi jela naiweza. Nimesafisha vyoo vya ofisi mbili kwa asubuhi moja, nimenyanyua wazee wenye uzito wa gunia, jela itanifanya nini? Yeye kabakiza miezi michache avae koti jeupe la mfamasia.

Amerudi magharibi. Nimemwambia yote hayo nimesimama, mwiko mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Mama, risasi ilikuwa ndani. Watoto walikaa karibu na mimi. Mimi ndio nilibeba. Wewe hapana."

Nimekasirikia hata hilo.

Mwanangu ana kichwa, sasa kinanigeukia mimi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wamemkamata Salum, nyumbani kwa mama yake. Vizuri. Natamani ningekuwepo nimwambie avue koti.

Chuo kimemsimamisha Rehema hadi kesi iishe. Barua kurasa mbili, maneno ya heshima tupu. Nimekuwa na chuki na heshima siku hizi.

Barua ya posa nimeichana. Nikachana na vile vipande.

Jioni Bi Mwanaidi kapiga. Nikajua kasikia. Nikamtangulia, "Sema. Cheka. Ulisema ngiri, haya cheka."

Hakucheka. Akasema, "Shoga, nakuja kesho na wali wa nazi. Unataka na samaki au na maharage?"

Nimelia kwa hasira. Afadhali angecheka.

Nikamwambia samaki.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimemkuta Rehema anasugua alama ya kiatu mlangoni kwa brashi ya viatu. Haitoki. Nikamwambia acha. Akaendelea. Nikaleta brashi ya pili.

Alhamisi, 6 Novemba

Wakili amepiga asubuhi. Mimi hawatanishtaki. Rehema bado, aripoti tena Januari. Kwenda kwake mwenyewe kutamsaidia, amesema wakili, lakini haahidi kitu. Niliomba usiku na mchana iwe kinyume. Haikuwa.

Nimekwenda kazini. Chumba cha mwisho ameingia bibi mpya, mdogo kama kuku, hasikii vizuri. Nimemlisha uji. Akaniuliza kama nina watoto.

Nikamwambia binti mmoja.

Akauliza anafanya nini.

Nilimfuta mdomo kwanza.

"Yuko nyumbani," nikasema. "Ananisubiri."

Hakusikia, nikarudia karibu na sikio lake. Akaitikia kwa kichwa, akasema nina bahati. Nikamfunga vifungo vya sweta, nikamsogezea kiti dirishani.