Mwalimu Anatafuta Kosa Ambalo Halimo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe mwandiko, shule niliishia darasa la tatu. Mwalimu wa madrasa ya binti yangu ametengeneza programu ya simu ya kufundisha watoto udhu na swala, akatuomba kina mama tuijaribu nyumbani, basi nikakaa kitandani na binti yangu wa miaka tisa, ikaja picha ya mkono, imeandikwa gusa pale maji yanapofika, nikagusa chini ya kiwiko, ikawaka nyekundu, nikagusa tena, nyekundu, mtoto akasema, "Mama, ni mpaka kiwiko chenyewe, mbona wewe hufikishi?" nikamwambia nyamaza, simu inajua nini! Mshauri, mimi udhu sikufundishwa na mtu, nilichungulia wakubwa tu, na huku jikoni shuleni ninakopika sare inabana, naikunja mikono yake mpaka inapogoma chini ya kiwiko, ndiyo miaka ishirini na sita hiyo. Kwa aibu nikamwambia mwalimu nimegusa kiwiko sawasawa na simu imenikatalia, Mama Pacha, mzazi mwenzangu, naye akadakia, "Hata mimi!" na wala hakuifungua hiyo programu. Sasa wiki ya tatu mwalimu anatafuta hilo kosa, amekonda, ananiambia, "Mama yangu, nisaidie, silioni," na kamati ya madrasa imesema mwezi ukiisha hajarekebisha, programu inafutwa na yeye aache kufundisha. Binti yangu haniangalii usoni. Kuswali nimeacha, naona umri wangu wote umepotea bure, na nikisema ukweli nitaficha wapi uso? Nimekwisha.

Mama Mpishi

Mama Mpishi, pole. Kutofundishwa si kosa lako, na hakuna wa kukucheka hapa. Lakini uongo ni wako, usiusukumie sare! Unamtazama mwalimu, mtoto wa mwenzio, akikonda, unamwachia atafute kitu usichokipoteza?

Za swala za nyuma muulize imamu, mimi wa gazeti sina fatwa. Ila kuacha kuswali ndiyo nini? Umegundua ulipokosea, basi rekebisha, usisuse. Mwambie binti yako akuoneshe, na umwombe radhi kwa kumnyamazisha.

Kisha nenda kwa mwalimu leo, si mwezi ukiisha. Usitume ujumbe, usimbebe Mama Pacha. Sema: "Mwalimu, usitafute tena. Nilikudanganya." Mtoke pamoja mpaka kwenye kamati, uyarudie hayo hayo mbele yao. Mwalimu akilia, ngoja amalize. Akikufokea, itikia. Weka gazeti chini, mama, uende.