Upinde Uliomzidi Baba

Kijiji cha Ngulyati,
S.L.P. 61,
Bariadi.
9 Julai 1995

Mpendwa kaka Shija,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mtwara, wewe na wifi Benadetha. Mguu wake umepona? Sisi hatujambo. Baba aliumia mkono wa kushoto, lakini uvimbe umekwisha.

Pamba imetoka wastani. Siku hizi wanunuzi binafsi wanafika na malori yao hadi kijijini, hatungoji tena chama cha ushirika.

Fisi ndio waliotusumbua. Mwezi Mei walikula ndama wetu wawili, alfajiri, ng'ombe wakitolewa zizini. Mjomba Maganga, ambaye sasa ameajiriwa kwenye kambi ya uwindaji iliyofunguliwa karibu na pori la akiba, akatuletea upinde alioachiwa na mgeni mmoja. Una magurudumu madogo kwenye ncha zote mbili. Ukiuvuta ni mgumu mwanzoni, halafu unalegea, kisha unafika mwisho wake na hauendi mbele tena.

Baba aliweka mshale wake wa tete, akavuta hadi mwisho. Kamba ikapita sikio lake. Alipoachia, upinde ulitoa kishindo na kamba ikamchapa mkono. Mjomba alieleza aliyoyasikia kwa yule mgeni: mshale mwepesi mno hauchukui nguvu yote, na ile inayobaki inaweza kuupasua upinde, tena upinde ule umepimwa kwa mtu wa mikono mirefu. Baba aliokota mshale wake akaondoka. Unajua watu wanatoka mbali, hata Mwamapalala, kufuata mishale yake.

 Siku ya tatu akaniita.

"Klementina, simama hapa. Nyosha mikono."

Akapima kwa uzi kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akaukunja sehemu tano sawa, akachukua mbili, kama mgeni alivyomfundisha mjomba. Kwa mvuto wa upinde ule, kipimo chake mwenyewe kilipungua vidole vinne. Changu kilitosha kabisa. Na mlivyokuwa mkinicheka kwa urefu huu.

Halafu akachonga mishale ya mti mgumu. Alining'iniza fimbo kwa uzi, upande mmoja mshale wa mgeni uliokuja na upinde, upande wa pili wa kwake. Wa kwanza aliouchonga ulikuwa mzito, nilipoupiga ukaanguka kabla ya kufika. Akaupunguza, akapima tena, mpaka fimbo ikatulia. Nilifanya mazoezi wiki tatu nikilenga gunia la pumba.

Jumanne alfajiri fisi alimshika ndama mguu. Nilikuwa hatua kama ishirini. Nilivuta hadi mwisho, nikaachia. Fisi alikimbia kidogo akaanguka. Ndama anachechemea, lakini ananyonya.

Wazee wa sungusungu walikuja kumuuliza baba tangu lini mwanamke anashika upinde hapa nyumbani. Akawajibu, "Nimempima. Mimi upinde huu umenizidi." Sijawahi kumsikia akikiri hivyo mbele ya watu.

Jana amenikabidhi kisu na patasi zake za kuchongea mishale, vifaa alivyokuwa akikuwekea wewe. Hakuniagiza nikuombe ruhusa. Ninayekuomba ni mimi, kaka. Ukikataa nitavifunga kwenye kitambaa vikusubiri. Ukikubali, nijibu wewe mwenyewe, usipitishe jibu kwa mjomba.

Mama mdogo Nyanjige na mjomba wanawasalimu. Mbusu Keneth kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awatunze na kuwarudisha salama.

Dada yako akupendaye,
Klementina Ngeleja