Hita Imetoboka Chini ya Kitanda cha Mama

Jumamosi. Bariadi imeamka na baridi ya msimu wa pamba, ile kavu inayopasua midomo. Mimi nimeamka na hasira.

Nisizunguke. Hita ya maji ya kwenye gari imetoboka, inavuja chini ya kitanda cha mama yangu, na mama amefunga mizigo. Ameniambia nimtafutie usafiri wa kesho arudi Malampaka. Mguu wake haujapona.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mama alianguka akavunjika mguu karibu na nyonga, akafanyiwa upasuaji, na sasa anafanyishwa mazoezi hospitali hapa mjini. Mtaalamu wa mazoezi alituambia bila kutuficha kwamba akiacha sasa, mguu utakakamaa hivyo hivyo ulivyo, na hatatembea tena bila kushikwa mkono. Kule Malampaka hakuna wa kumfanyisha. Kwa hiyo ni lazima akae kwangu.

Kwangu, ambako kuna mkwe wake.

Mama yangu ni Msukuma wa zamani. Hawezi kulala chini ya paa moja na mume wa binti yake, na bafu analoogea mkwe ndiyo kabisa, hata kulitaja hataki. Siku ya kwanza nilipomwonyesha chumba cha wageni, aligeuka akakaa barazani na fimbo yake, akaniuliza mabasi ya kurudi yanapita saa ngapi. Nilitamani kulia. Ndipo Baba Neema, mume wangu, alipokumbuka gari lake.

Baba Neema ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Siku za nyuma alinunua gari la kulala, chakavu, lililowahi kubeba watalii. Lina kitanda, sinki, choo kidogo, bafu la kumtosha mtu mmoja aliyekaa, na hita ya gesi ya kuchemshia maji. Ndoto yake ni kuwapeleka watoto Serengeti walale humo. Mpaka leo safari ndefu kuliko zote ambayo gari hilo limefanya ni kutoka getini mpaka nyuma ya jiko.

Mama alilikagua kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Akauliza swali moja tu: mkwilima, yaani huyo mkwe, amewahi kulala humo? Hajawahi. Basi, akapanda.

Na kwa kweli mambo yalikwenda vizuri. Asubuhi kabla ya mazoezi anatakiwa kuoga maji ya moto ili misuli ilegee. Mimi natoka mapema kwenda ofisini, na yeye hawezi kupandisha ndoo kwenye zile ngazi za gari. Baba Neema, anayeingia zamu ya mchana, anashinda nyumbani asubuhi yote, lakini kumpelekea mama mkwe maji ya kuoga mlangoni? Heri umwambie ale udongo. Hita ndiyo ilikuwa mkombozi wetu. Mama anafungua bomba mwenyewe, anaoga, bodaboda anayemwamini anakuja kumchukua taratibu.

Tatizo ni maji yetu ya kisima. Yana chumvi, kila sufuria humu ndani ina utando mweupe. Hakuna aliyekumbuka kwamba kinachokula sufuria kitakula na tangi la hita. Wiki hii godoro la mama lilianza kunuka unyevu. Alhamisi nikaleta fundi bomba wa mjini, akapaka gundi ya chuma, akasema pamepona. Pamepona wapi! Ijumaa mama alikanyaga maji aliposhuka kitandani, nusura ateleze. Kwa mguu ule!

Ndipo akafunga mizigo. Siwezi kumlaumu kwa hilo, ila namlaumu kwa mengine yote.

Maana sikilizeni kilichonikuta leo. Hita ile ina kijimlango kwa nje, lakini inakovuja ni kwa nyuma, na nyuma yake iko uvunguni mwa kitanda. Fundi mitambo ninaye, tena wa ndani ya nyumba. Nikamwambia nitamtoa mama akae kivulini kwa jirani, wewe ingia umalize. Baba Neema akanitazama kama nimemtukana.

"Mama Neema, niingize kichwa uvunguni mwa kitanda cha mama mkwe?"

"Hatakuwepo."

"Kitanda kitakuwepo."

Huyu ni Mpare wa Same, jamani, wala si Msukuma. Wajomba zangu walimfundisha adabu za ukweni kabla ya ndoa, na amezishika kuliko sisi tuliozaliwa nazo. Kwa mama nako nilipata jibu lile lile, kwamba akisikia mkwilima ameingia humo, halali tena.

Basi nimeingia mimi, mtu wa kupanga mafaili, nimelala kifudifudi uvunguni na tochi mdomoni. Baba Neema amechuchumaa nje kwenye kile kijimlango, ananielekeza kupitia bati. Mama amekataa hata kwenda kwa jirani. Amekaa kitandani juu yangu, godoro likinigusa mgongo, na kila nikiguna ananiuliza kuna nini.

"Shika nati ya kushoto!" anapaza sauti Baba Neema.

"Kushoto kwako au kwangu?"

Halafu mama, huko juu: "Anasemaje?"

Ati anasemaje! Wametenganishwa na bati, kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake, lakini lazima mimi nirudie. Nikarudia. Mama akanipa ujumbe nimpelekee mkwilima, kwamba asijisumbue, yeye anaondoka kesho. Nikafikisha. Baba Neema akanituma nimwambie mama ajaribu kuvumilia kidogo. Nikafikisha, nikiwa na kutu puani.

Halafu nikaizungusha ile nati na kitako cha tangi kikamong'onyoka mkononi mwangu kama andazi la juzi. Maji yote yaliyokuwa humo yakaniishia kifuani.

Nilipiga kelele. Sitaandika nilichosema. Lakini nilichosema baada ya hapo nitakiandika, kwa sababu nilikisema kwa sauti na sikijutii: "Mnaheshimiana nyinyi, ninayelowa ni mimi! Mama, ukienda kesho utakuwa kilema kwa ajili ya bafu! Na wewe huko nje, una mikono kumi kiwandani, hapa umekuwa mgeni! Sirudii tena neno la mtu!"

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi nikalia. Nilichoka, na niliogopa pia. Nilishamwona mama yangu akisogezwa kama gunia maisha yake yote yaliyobaki.

Kisha nikasikia vyuma nje. Baba Neema alikuwa anang'oa hita nzima kwa kupitia kile kijimlango, akiivuta vipande vipande. Uvunguni hakugusa. Akaleta pipa la chuma, akaliinua juu ya matofali, jiko la mkaa chini yake. Kwenye tundu ilikokuwa hita akapitisha mpira mgumu wa mashine, ule usioogopa moto, akaniomba kwa upole, mara ya mwisho, nikauunge na bomba la bafuni. Mama anaoga amekaa, kwa hiyo maji hayahitaji kupanda juu. Nje kuna koki moja ya kufungulia.

Maji yalipopata moto, akagonga ubavu wa gari mara mbili kwa spana. Mama akaruka kidogo. Kisha akanyanyua fimbo, akagonga mara mbili kwa ndani. Koki ikafunguliwa, na nikasikia hatua za Baba Neema zikienda mbali, mpaka ng'ambo ya ua.

Mama akaoga. Alikaa humo muda mrefu, akitoa sauti ndogo za kuridhika ambazo sijazisikia tangu avunjike. Nilimsaidia kuvaa. Mizigo ilikuwa bado mlangoni, na sikuthubutu kuitaja.

"Ng'wanawane, mwanangu," akaniambia akijipaka mafuta magotini, "mwambie mkwilima kesho aongeze moto. Leo yamekuwa ya vuguvugu."

Kesho! Mtu anayepanga maji ya kesho ana habari gani na basi la Malampaka? Lakini nilikuwa nimeshasema sirudii tena neno la mtu, na gauni bado lilikuwa limenigandia mwilini.

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu.

Akaangalia ukuta wa bati. Kisha mama yangu, ambaye tangu niolewe hajawahi kumwambia mume wangu neno lolote moja kwa moja, akagonga kwa fimbo mara mbili, akainama kidogo kuelekea lile tundu la mpira uvunguni.

"Mkaa haukutosha," akaliambia tundu.

Kutoka ng'ambo ya ua mtu akakohoa, kwa heshima zote, na nikasikia gunia la mkaa likiburutwa.